Liberali wa Marekani, liberali wa Ufaransa, na ardhi ya Kisauni

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mombasa, nakaa Kisauni. Binamu yangu aliyehamia Marekani anasema liberali ni mtu anayetaka serikali isimamie matibabu ya maskini na kuwatoza matajiri kodi kubwa. Mhadhiri wetu wa uchumi anasema uliberali ni serikali kuondoa mkono wake sokoni. Na pale maskani, vijana wakisikia neno hilo wanajua unasemwa mtu aliyeitupa dini. Nimepewa insha niandike kama Katiba ya Kenya ni ya kiliberali. Nimfuate nani?"

Marahaba, mwanangu. Binamu yako amesema kweli, mhadhiri wako amesema kweli, na hao vijana wa maskani nao kuna jambo wamelisikia, ingawa wamelishika upande mmoja tu. Kila mmoja ameupokea uliberali kutoka nchi tofauti, na nchi hizo hazikuwa na ugomvi mmoja.

Nimefundisha historia ya fikra za kisiasa hapa Pwani kwa miaka mingi, na wengi hukwama papo hapo ulipokwama wewe. Ninachowaambia ni hiki: kabla hujauliza liberali wa nchi fulani anaamini nini, uliza anapambana na nani. Shina ni moja kila mahali. Mtu ana haki zake kwa kuwa ni mtu, na mwenye nguvu hana ruhusa ya kumpokonya. Mamlaka yawekewe mipaka na sheria. Mtu aseme, aabudu, amiliki na achague bila kuomba hisani. Hapo waliberali wa dunia nzima hawatofautiani. Wanaachana njia wanapofika kwenye swali la nani hasa ndiye mwenye nguvu anayepaswa kuzuiwa. Akiwa ni mfalme, uliberali huwa na sura moja. Akiwa askofu, nyingine. Akiwa mwenye kiwanda, nyingine kabisa. Na kikiwa ni chama kimoja kilichoshika kila kitu, hutokea ile sura ambayo sisi Wakenya tunaijua vizuri zaidi.

Jina lenyewe la kisiasa lilianzia Hispania, katika mji wa bandari, Cádiz. Majeshi ya Napoleon yalikuwa yameteka sehemu kubwa ya nchi, na wajumbe wa bunge wakakusanyika huko kuanzia mwaka 1810. Waliotaka mamlaka ya mfalme yawekewe mipaka, na maandishi ya kisiasa yachapishwe bila kukaguliwa kwanza, ndio walioitwa waliberali. Machi 1812 wakapitisha katiba. Hapa pana jambo ningependa uwapelekee vijana wa maskani: kifungu cha 12 cha katiba hiyo kilisema dini ya taifa la Hispania ni Ukatoliki, kikapiga marufuku dini nyingine yoyote. Watu wa kwanza kubeba jina la uliberali katika siasa hawakuitupa dini. Waliifungia nchi nzima ndani ya dini moja. Ugomvi wao ulikuwa na mfalme asiye na mipaka, na mfalme huyo, Ferdinand wa 7, aliporudi mwaka 1814 aliifutilia mbali katiba yao.

Maana aliyokupa mhadhiri wako ilitoka Uingereza. Huko, nusu ya kwanza ya karne ya 19, wenye nguvu walikuwa mabwana wa ardhi. Walikuwa na Sheria za Nafaka, zilizotoza ushuru ngano ya kutoka nje ili bei ya ngano yao isishuke, na mfanyakazi wa kiwandani Manchester ndiye aliyelipia, kwa mkate wa bei ya juu. Richard Cobden na John Bright waliendesha kampeni ya miaka kadhaa, na mwaka 1846 sheria hizo zikafutwa. Nakuomba ulishike hili, kwa sababu linasahaulika sana: serikali kuondoa mkono sokoni ilikuwa njia ya kumtetea maskini dhidi ya tajiri aliyelindwa na serikali. Aliyeutaka mkate wa bei nafuu aliutaka ushuru uondoke. Chama cha Liberal kikaundwa mwaka 1859, na kiongozi wake mkuu, William Gladstone, alikuwa waziri mkuu mara nne. Gladstone alikuwa mcha Mungu wa kweli, na nguvu kubwa ya chama chake ilitoka kwa waumini wa makanisa madogo yaliyokuwa nje ya kanisa la dola.

Miaka 50 baadaye mwenye nguvu alikuwa mwengine. Wachunguzi walioingia nyumba kwa nyumba katika miji kama York walikuta watu wanafanya kazi kila siku na bado hawashibi. Ushuru ulikuwa umeshaondolewa zamani, soko lilikuwa wazi, na mtu bado hakuwa huru, kwani asiye na akiba hawezi kumkatalia mwajiri wake lolote. Ndipo waliberali wale wale, chini ya Herbert Asquith na David Lloyd George, wakageuka. Sheria ya mwaka 1908 iliwapa wazee maskini waliofika miaka 70 hadi shilingi 5 kwa wiki, kutoka hazina ya serikali. Bajeti ya mwaka 1909 iliwatoza matajiri na wenye ardhi zaidi, na Bunge la Mabwana lilipoikataa, mzozo ukaishia kwenye sheria ya mwaka 1911 iliyolipunguzia bunge hilo meno. Mwaka huo huo ikaja bima ya ugonjwa na ya kukosa kazi. Kwa hiyo ndani ya chama kimoja, katika umri wa mtu mmoja, utampata mhadhiri wako na binamu yako, na wote wawili wana kadi ya uanachama.

Mmoja wa vijana wa chama hicho alikuwa Winston Churchill, ambaye wengi wanamjua kwa uhafidhina wake wa baadaye. Wakati huo alikuwa liberali, naibu waziri wa makoloni, na Oktoba 1907 alishuka hapa Mombasa akapanda reli kwenda bara. Namtaja kwa sababu watu hufundisha uliberali kana kwamba ni habari ya Ulaya tuliyokuja kuisoma vitabuni. Si kweli. Ulitutawala.

Mwaka ule ule wa 1908, serikali ile ile ikiwa madarakani London, protektoreti yetu ilipitisha Sheria ya Hati za Ardhi kwa ajili ya Mwambao, ule ukanda wa maili kumi uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar lakini ukisimamiwa na Waingereza tangu mwaka 1895. Sheria ilisema hivi: kila anayedai ardhi aje aidai mbele ya afisa wa serikali, alete ushahidi, apewe hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ni ya Taji la Uingereza. Ukiisoma ukiwa London ni sheria ya kiliberali safi, kwani haki ya mtu inaandikwa, inalindwa na mahakama, na inaweza kuuzwa bila kumpigia mtu magoti. Lakini nani alikwenda kuidai? Walikwenda waliokuwa na karatasi, waliozoea kadhi na karani, waliojua mambo ya mjini. Wamijikenda wengi hawakwenda. Ardhi yao ilikuwa ya ukoo, mipaka yake ikijulikana kwa miembe, kwa makaburi na kwa misitu mitakatifu ya kaya, na hakukuwa na mtu mmoja wa kusimama aseme "hii ni yangu." Mtu akaamka yuko pale pale alipozikwa babu yake, lakini kisheria ni mvamizi. Maskwota wa Kilifi na Kwale walianzia hapo. Na wewe unayekaa Kisauni huhitaji kuelezwa jinsi nyumba inavyokuwa ya mtu na kiwanja kikawa cha mwengine, mwenye nyumba akilipa kodi ya kiwanja kila mwezi na asijue lini ataambiwa abomoe.

Chukua matendo hayo mawili uyaweke pamoja: pensheni ya mzee wa Manchester na hati ya ardhi ya Mwambao. Mwaka mmoja, chama kimoja. Kule uliberali ulimpunguzia nguvu bwana wa ardhi. Huku ulitengeneza mabwana wa ardhi wapya. Mimi siamini kwamba ilikuwa bahati mbaya. Fikra ile ilimjua mtu mmoja mmoja na serikali yake, na haikuwa na mahali pa kuuweka ukoo. Hata mahakama hazikusaidia. Wamaasai walipohamishwa Laikipia licha ya mkataba wao wa mwaka 1904, walishtaki, na mwaka 1913 wakaambiwa kwamba wao si raia wa Taji, mkataba wao ulikuwa kama wa dola na dola, na mahakama haina uwezo wa kuusikiliza.

Wala halikuwa jambo la Waingereza pekee. Nchini Meksiko mwenye nguvu alikuwa Kanisa Katoliki, lililomiliki ardhi kubwa na kuwa na mahakama zake. Waliberali wa huko, akiwemo Benito Juárez, aliyekuwa mtu wa kabila la Wazapoteki, walitaka kulivunja nguvu. Sheria yao ya mwaka 1856 ililazimisha taasisi ziuze ardhi zisizokuwa zikizitumia moja kwa moja. Lakini machoni pa sheria hiyo kijiji cha wenyeji kilichomiliki ardhi kwa pamoja nacho kilikuwa taasisi, na ardhi za vijiji vingi zikaishia kwa matajiri. Mimi nikiisoma habari hii huwa naiona Kilifi. Huko Amerika ya Kusini, katika nchi kama Kolombia, liberali na mhafidhina walichinjana kwa vizazi, na nafasi ya Kanisa ilikuwa mojawapo ya mambo makubwa yaliyowagawa. Sifa ya uliberali kuwa adui wa dini imetoka sana katika nchi za namna hiyo, ambako padri alikuwa pia mtawala.

Sasa tuje kwa binamu yako. Marekani haikuwa na mfalme wa kupambana naye baada ya uhuru, wala kanisa la taifa zima, na katiba yake ya mwaka 1787, pamoja na marekebisho ya mwaka 1791, tayari ilikuwa na yale mambo ya shina niliyokutajia. Kwa hiyo kwa muda mrefu jina hilo halikubeba uzito mkubwa. Lilipata uzito mwaka 1933, Franklin Roosevelt alipoingia madarakani huku takriban robo ya wafanyakazi hawana kazi. Alileta miradi ya ajira, usimamizi wa mabenki, na mwaka 1935 mfuko wa pensheni kwa wazee. Mambo hayo Ulaya yangeitwa ujamaa wa kidemokrasia. Marekani jina la ujamaa lilikuwa sumu, naye akayaita ya kiliberali, akifuata njia ile ile ya Lloyd George. Herbert Hoover, aliyeshindwa naye katika uchaguzi, alilalamika kwamba liberali wa kweli ni yeye, anayetaka serikali ikae kando. Hakuna aliyemsikiliza. Mwaka 1965 Lyndon Johnson akaleta bima za serikali za matibabu kwa wazee na kwa maskini, na hapo ndipo maana ya binamu yako ilipokamilika. Kwa kuwa serikali hiyo hiyo ndiyo iliyosimamia haki za watu weusi, wazungu wengi wa kusini walianza kulichukia jina lenyewe. Kufikia uchaguzi wa mwaka 1988, George Bush mkubwa alimwita mpinzani wake, Michael Dukakis, liberali kama tusi, na likamwumiza. Lakini tazama vizuri: mhafidhina wa Marekani anayemtukana liberali anatetea uhuru wa kusema, haki ya kumiliki na mipaka ya serikali. Mtu wa Cádiz angewaona wote wawili ni ndugu wanaogombana ndani ya nyumba moja.

Nchi nyingine nitazipitia haraka. Australia, chama cha Liberal alichokianzisha Robert Menzies mwaka 1944 ndicho chama kikuu cha mrengo wa kulia, kwa sababu aliyekuwa mbele yake ni chama cha wafanyakazi. Kanada, chama chenye jina hilo hilo kiko katikati na huelekea kushoto. Japani, chama cha Kiliberali na Kidemokrasia kilichoundwa mwaka 1955 ni cha wahafidhina. Urusi, chama cha Vladimir Zhirinovsky kilichojiita cha kiliberali kilikuwa cha wazalendo wakali, na hapo jina lilikuwa ni jina tu. Uholanzi wana viwili kwa pamoja, VVD cha wafanyabiashara na D66 cha mageuzi ya kijamii, na vyote vimo katika familia moja ya vyama vya kiliberali vya Ulaya.

Ukisikiliza idhaa ya Kiswahili ya Ujerumani, waliberali ni chama cha FDP. Hao hupigania kodi ndogo na serikali isiyokopa ovyo. Novemba 2024 serikali ya Olaf Scholz ilivunjika alipomfukuza waziri wake wa fedha, Christian Lindner, kiongozi wa FDP, katika mzozo wa bajeti na ukopaji. Uchaguzi wa Februari 2025 FDP hawakufikisha asilimia 5 inayotakiwa, wakatoka bungeni. Liberali wa Marekani angekuwa upande wa Scholz katika ugomvi ule bila kufikiri mara mbili.

Ufaransa ni zaidi. Mapinduzi ya huko yalimfundisha raia kwamba dola ndiyo inayomwokoa na padri, bwana na tajiri. Kwa hiyo anayetaka dola ipungue anashukiwa kuwa anamwacha raia mikononi mwao. Mei 2005 Wafaransa, karibu asilimia 55, waliikataa rasimu ya katiba ya Ulaya, na lawama kubwa ya mrengo wa kushoto ilikuwa kwamba ni ya kiliberali mno, wakimaanisha kwamba inafungua soko na kumwacha mfanyakazi bila kinga. Kule jina analojivunia binamu yako hurushiwa mabwanyenye.

Afrika Kusini inahitaji uangalifu, kwa kuwa huko liberali alipigwa kutoka pande mbili. Liberal Party ya akina Alan Paton, iliyoanzishwa mwaka 1953, ilikuwa na wanachama wa rangi zote, na mwaka 1968 ikajivunja kuliko kutii sheria iliyokataza vyama vya mchanganyiko. Helen Suzman alikaa bungeni miaka 13, kuanzia 1961 hadi 1974, akiwa peke yake kutoka chama chake akiupinga ubaguzi. Huo ni ujasiri, na nauheshimu. Lakini Steve Biko, mwanaharakati Mwafrika aliyeupinga ubaguzi huo huo, naye alisema neno zito: kwamba mzungu liberali alitaka kuwaongoza Waafrika hata katika kuyaeleza maumivu yao, huku akiendelea kufaidi mfumo ule ule. Kenya tulikuwa na mfano wake mdogo. Mwaka 1959 Michael Blundell aliunda kundi la walowezi waliokubali Waafrika washirikishwe katika serikali. Walowezi wenzake wakamwita msaliti, na Waafrika wengi wakamwona bado ni mlowezi. Katika Kenya ya wakati huo, liberali alikuwa mzungu wa aina hiyo, basi.

Kwetu jambo lilikuja upya mwaka 1991. Mwenye nguvu hapa alikuwa chama. Tangu mwaka 1982 kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kilisema chama ni KANU pekee, na mwaka 1988 watu walipiga kura kwa kupanga mlolongo nyuma ya mgombea, kila mtu akionekana yuko wapi. Chama hicho hakikushika siasa tu. Mfanyabiashara aliyetaka kuagiza nguo kutoka India alihitaji leseni ya kuagiza, kisha kibali ili apate fedha za kigeni, na asiyejuana na mkubwa angeweza kungoja mpaka mtaji ukaoza. Radio ilikuwa ya serikali. Bei za bidhaa zilipangwa na serikali. Kwa hiyo kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, na katika miaka michache iliyofuata leseni, bei na fedha za kigeni zikaachiwa, watu wengi waliona ni ushindi mmoja. Nguvu zile zile zilikuwa zinavunjwa.

Lakini wafadhili wa nje, waliobana misaada ili mageuzi hayo yafanyike, walikuwa na orodha yao, na ndani yake kulikuwa na wagonjwa kuchangia gharama za hospitali na viwanda kuachwa vishindane na bidhaa za nje. Kilifi ilipoteza kiwanda chake cha korosho katika miaka ya 1990, na mkulima aliyekuwa na mahali pa kupeleka mazao akabaki na madalali. Mitumba ilijaa soko la Kongowea. Ikawavisha watu kwa bei wanayoiweza na ikawapa wengi kazi, huku viwanda vya nguo vya bara vikifungwa. Mhadhiri wako anauita huo uliberali, na ni sahihi. Maoni yangu ni kwamba kuachiwa siasa kulistahili kila jasho lililotoka, na kuachiwa uchumi bila kinga kwa mfanyakazi na mkulima wa Pwani lilikuwa kosa, kwa sababu walitupa sera ya Cobden katika nchi iliyokuwa ikihitaji ya Lloyd George. Inafaa ujue pia kwamba mtandao wa vyama vya kiliberali vya Afrika ulianzia kwenye mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa Julai 2001, kabla ya kuzinduliwa rasmi Johannesburg mwaka 2003. Miongoni mwa wanachama wake kumekuwa na DA ya Afrika Kusini, CUF ya Tanzania na ODM yetu. Ukimsimamisha mwanachama wa ODM pale Likoni umwulize kama yeye ni liberali, nadhani atakuuliza ndiyo nini.

Narudi kwa vijana wa maskani, kwani wasiwasi wao si wa kupuuzwa. Mawaidha mengi yanayozunguka kwenye simu yanazungumzia uliberali wa ndani ya dini, yaani jinsi ya kuyafasiri maandiko. Mwaka 2005 baraza la maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa dhidi ya mkondo huo. Huo ni mjadala wa wanazuoni, nami siuingilii. Uliberali wa kisiasa unauliza jambo jingine: watu wasiokubaliana juu ya Mungu waishi vipi chini ya serikali moja bila mmoja kumlazimisha mwengine? Hata hapo nchi hazijibu sawasawa. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2004, msichana haruhusiwi kuvaa hijabu katika shule ya serikali, na wanaoitetea sheria hiyo wanasema wanalinda uhuru. Katiba yetu inasema hakuna dini ya taifa, kifungu cha 8, halafu kifungu cha 170 kinaweka mahakama za Kadhi kwa Waislamu wanaokubali wenyewe kwenda huko kwa mambo ya hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi. Mfaransa angeshangaa. Mimi naiona ni sura halali kabisa ya uliberali, kwa kuwa anayekwenda amechagua kwenda. Lakini katiba hiyo hiyo, kifungu cha 91, inakataza chama cha siasa kujengwa juu ya dini. Wazee wa Mombasa wanakumbuka chama cha Kiislamu cha IPK kilivyonyimwa usajili mwaka 1992. Ujerumani chama kikubwa kabisa kinaitwa cha Kikristo, na hakuna anayesema Ujerumani si nchi ya kiliberali. Mtu anaweza kukitetea kifungu chetu kwa hofu ya machafuko, na hofu hiyo ina msingi. Ila asiseme kwamba uliberali ndio unaokidai.

Kuhusu insha yako, usijibu ndiyo wala hapana. Katiba ya mwaka 2010 ina uliberali wa zaidi ya aina moja ndani yake, na alama utazipata ukionyesha unavyogongana. Kifungu cha 40 kinalinda mali ya mtu; huyo ni mhadhiri wako. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, makazi, chakula, maji na elimu. Huyo ni binamu yako, na tumemzidi, kwani katiba ya Marekani haina kifungu cha namna hiyo. Kifungu cha 63 kinatambua ardhi ya jamii, pamoja na misitu na mahali pa matambiko, jambo ambalo sheria ya mwaka 1908 haikulifikiria.

Kisha shuka mpaka mtaani kwenu. Januari 2021, katika kesi ya wakazi waliobomolewa nyumba zao karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, Mahakama ya Juu ilisema watu walioishi kwa muda mrefu kwenye ardhi ya umma na kulea familia hapo wana haki ya makazi inayolindwa. Ardhi ya umma, zingatia. Sehemu kubwa ya Kisauni ina wenyewe wa kibinafsi, na hati nyingine mizizi yake ni ile ile ya 1908. Sheria inamruhusu aliyekaa kwenye ardhi ya mtu waziwazi kwa miaka 12 bila ruhusa kudai umiliki, lakini anayelipa kodi ya kiwanja yuko hapo kwa ruhusa, kwa hiyo mlango huo umefungwa kwake. Aliyelipa kwa uaminifu kila mwezi ana haki ndogo kuliko aliyevamia. Kifungu cha 40 kiko upande wa mwenye hati, cha 43 kiko upande wa mwenye nyumba, na vyote viwili waliberali watakuambia ni vyao. Anzia hapo. Tafuta nyumba moja unayoijua, wenye nyumba wakikubali uone risiti zao za kodi ya kiwanja, uandike kinachowapata chini ya kila kifungu. Rasimu ikiwa tayari nitumie niisome kabla hujaipeleka kwa mhadhiri.